Magari Yetu Mbele ya Kanisa

Katika ukurasa huu tumezoea kutafakari pamoja juu ya sala, ndoa, malezi ya watoto na huduma kwa wagonjwa. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuongea juu ya maegesho ya magari, yale ambayo hapa Lubumbashi kila mtu huyaita parkingi, na juu ya mfereji, na vijiwe vya kando ya barabara. Padre paroko alipotuuliza tutaandika nini, tulimjibu hivyo, naye akacheka. Baadaye akasema tuandike, ila tusijitetee.

Kanisa letu limejengwa kando ya barabara iliyo mpaka wa komini mbili. Ukitoka katika Misa na kusimama mlangoni, miguu yako imo katika komini moja. Duka la dawa unaloliona ng'ambo limo katika komini nyingine. Hatutazitaja kwa majina. Mambo tunayoyasimulia yangeweza kutokea katika mpaka wowote kati ya komini saba za mji wetu, yaani Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na hatupendi msomaji amalize kusoma akiwa na burugumesta mmoja wa kulaumu moyoni.

Jumapili moja ya mwezi wa Januari mvua ilinyesha tangu alfajiri, kama inavyonyesha hapa kwetu katikati ya masika, bila haraka na bila huruma. Waliokuja kwa gari walikuwa wengi kuliko kawaida. Kwa kuwa ua wa kanisa ni mdogo, tuliegesha mahali tulipozoea kuegesha kwa miaka: juu ya njia ya waenda kwa miguu, magari yakipangana bega kwa bega, pua zikielekea ukuta, mikia ikitokeza barabarani. Tulikuwa hatujawahi kuliona jambo hilo kuwa kosa. Tuliliona kuwa dalili ya parokia iliyo hai.

Kati ya waamini wetu yuko mzee mmoja kipofu ambaye huja kwa miguu, mkono wake ukiwa begani mwa mjukuu wake. Asubuhi ile njia yao ilikuwa imezibwa, wakashuka barabarani. Taksibasi ikapiga honi nyuma yao. Mtoto akamvuta babu yake kando, na palepale kando, chini ya mkia wa gari, palikuwa na mfereji usio na kifuniko, umejaa maji hata usionekane. Mzee alianguka akavunjika mkono. Gari lililouficha mfereji lilikuwa la mmoja wetu, na gari lililompeleka hospitali lilikuwa hilohilo.

Tulipomtembelea hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu, nalo hatukuweza kulijibu: mahali pale alipoanguka ni pa nani? Alitaka kujua, alisema, ili akitembea ajue anapita kwa nani, maana katika maisha yake yote amezoea kubisha hodi.

Tulianza kutafuta jibu Jumatatu iliyofuata. Tulidhani itakuwa kazi ya siku moja.

Katika ofisi ya kwanza tulielezwa, kwa adabu nyingi, kwamba usafi wa mfereji wa upande wa kanisa ni kazi ya komini, lakini kuujenga na kuufunika si kazi yake. Katika ofisi ya pili, ng'ambo ya barabara, tuliambiwa kwamba wao wana mfereji wao, nao umefunikwa, kwa hiyo tatizo letu si lao. Ofisi ya tatu ilisema lami na mifereji ya mji ni ya idara ya Serikali inayohusika na barabara za miji. Ofisi ya nne ilituuliza kama tulikuwa na risiti za maegesho, jambo lililotufanya tutazamane. Wiki tatu zilipita hivyo. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika kila jibu katika daftari, na mwishowe akachora ramani ya hatua ishirini za barabara mbele ya kanisa, akionyesha kila sehemu na mwenyewe. Nguzo ya umeme ni ya SNEL. Bomba la maji chini yake ni la REGIDESO. Barabara yenyewe, kwa kuwa ni ya mji wala si njia kuu kama ile Nasionali ya kwanza itokayo Kasumbalesa kwenda Likasi na Kolwezi, imo mikononi mwa Office des Voiries et Drainage, OVD kama tunavyoizoea. Ushuru wa meza za wachuuzi ni wa komini. Ushuru wa magari ulikuwa ukidaiwa na watu wa pande mbili, kila upande na karatasi yake. Mzee alikuwa ameanguka mahali penye wenyewe sita.

Ni rahisi kucheka, au kukasirika na kusema kwamba ndiyo hali ya nchi yetu. Sisi tulisema hivyo. Lakini mwalimu wetu hakuridhika, akatuletea sheria zenyewe tuzisome pamoja jioni, badala ya kukisia. Tunakiri kwamba wengi wetu, watu wazima wenye vyeti ukutani, tulikuwa hatujawahi kuzifungua.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yanayojitawala zinaipa komini utu wake wa kisheria. Maana yake ni kwamba komini ya mjini si tawi la ofisi ya meya kama tulivyodhani. Mji una bajeti yake na baraza lake, komini vilevile. Meya hawezi tu kuamuru komini mbili zifanye hivi au vile na mali yao, na komini haiwezi kuvuka barabara kwenda kufunika mfereji wa jirani. Sheria hiyohiyo inasema kwamba katika sehemu ya mapato ya taifa inayotengewa majimbo, asilimia 40 ni haki ya maeneo hayo madogo. Hakuna asiyejua jinsi fedha hizo zinavyosafiri polepole kutoka Kinshasa na jinsi zinavyopungua njiani. Kisha yakaja mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2018: katika ushuru wa madini, asilimia 50 ni ya Serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya eneo dogo ambamo mgodi umo, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 si haba panapochimbwa shaba na kobalti. Lakini mgodi haukai kila mahali. Komini ndogo ya katikati ya mji, kama Kamalondo, haina mgodi na haitapata mgodi. Ina nyumba, soko, baa na barabara. Komini ya namna hiyo huishi kwa sarafu za mezani na za magari, na mtu anayeishi kwa sarafu hawezi kulaumiwa akizihesabu mara mbili.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwa nini karani wa ofisi ya pili alikuwa amekaza uso. Hakuwa na moyo mgumu. Aliona watu wanakuja kumwomba agawane kitu kidogo alicho nacho.

Mmoja wetu aliyesoma mafundisho ya Kanisa juu ya jamii alitukumbusha waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, unaofundisha kwamba lile linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na jumuiya kubwa, bali kubwa iisaidie ndogo. Tulibishana juu ya hilo muda mrefu. Wengine walisema fundisho hilo linaipa kila komini haki ya kubaki na upande wake. Wengine walisema kwamba mfereji haujui mpaka: maji yanayojaa upande huu yanatoka upande ule, na komini isiyoweza kuufunika peke yake imekwisha kufika mahali ambapo msaada si dharau. Maoni ya pili yalishinda, ingawa tunakumbuka kwamba aliyeyatetea kwa nguvu zaidi ndiye aliyekuwa na gari kubwa kuliko sisi sote.

Mipaka ya mji huu ina historia yake, na si historia ya jana. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, barabara za katikati zilichorwa pana na kunyooka, zikapandwa miti. Ndiyo maana hadi leo, mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mijakaranda inatandika maua yake ya zambarau juu ya lami, na hata mtu mwenye madeni husimama kidogo kuitazama. Miti hiyo hawakupandiwa babu zetu. Wao walikuwa kule ng'ambo, na katika miaka ya 1920 kipande cha ardhi tupu kiliachwa makusudi kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, kikaitwa cha afya. Babu zetu walikivuka asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi, kwa miguu. Desemba 1957 walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa komini, hapa na Léopoldville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Halafu ikapita miaka mingi mno ya maburugumesta walioteuliwa kutoka juu, hata tulipopiga kura ya madiwani wa komini tarehe 20 Desemba 2023 wengi wetu hatukujua diwani ni mtu wa kumwuliza nini. Wazee waliovuka ardhi ile tupu wangetushangaa. Sisi tuna barabara moja tu ya kuvuka.

Tulirudi kwa wakubwa na ramani ya mwalimu. Safari hii hatukuuliza ni pa nani. Tuliomba jambo dogo: waje wote siku moja, wasimame mahali pamoja. Ilichukua muda, barua zikaenda na kurudi na mihuri yake, lakini mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi halijaanza kutawala, walikuja. Wawakilishi wa komini mbili, mtu wa ofisi ya mji, fundi wa barabara, na mkuu wa mtaa kutoka kila upande. Mzee kipofu naye alikuja, mkono ukiwa umepona lakini umepinda kidogo. Hakusema neno. Alitembea tu, akipapasa kwa fimbo, kutoka kona hadi kona, nao wakamfuata nyuma hatua kwa hatua. Inawezekana kwamba hapo ndipo kazi yote ilipofanyika, na mengine yalikuwa maandishi tu.

Walikubaliana hivi. Mfereji wa upande wa kanisa utafunikwa kwa vifuniko vya zege. Komini moja itoe saruji na mchanga, parokia itoe mikono, na ile ya ng'ambo itoe vifuniko vilivyobaki kwenye kazi yake. Njia ya waenda kwa miguu ipewe upana wa watu wawili wanaopishana, nayo itengwe na magari kwa vijiwe vilivyopakwa chokaa. Magari yaegeshwe upande mmoja tu, yakifuata urefu wa barabara, si kwa kupanda juu ya njia. Ushuru utozwe na mtu mmoja, kwa karatasi moja, na mapato yagawanywe nusu kwa nusu kati ya komini mbili. Siku za Jumapili shule ya jirani ifungue uwanja wake kwa magari ya waamini. Na miti ipandwe. Ni mti ndio uliotaka kuvunja mkutano, kwa kuwa kila upande ulitaka kivuli lakini hakuna aliyetaka kufagia majani.

Fundi wa barabara aliongeza jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiri, nalo tunalieleza kwa kuwa litawafaa walio na makanisa, shule na zahanati kando ya barabara. Magari mengi ya mji wetu yana usukani kulia. Yanakuja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kupanda kupitia Zambia, yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto. Sisi huku twaendesha upande wa kulia. Basi taksibasi ya namna hiyo ikisimama kando, mlango wake wa abiria haufunguki kwenye njia ya miguu. Unafunguka katikati ya barabara. Mama anashuka na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, uso kwa uso na pikipiki inayokuja. Fundi alisema ukitaka kuokoa watu, usifikiri tu gari likae wapi; fikiri mlango unafungukia wapi. Kwa sababu hiyo kituo cha taksibasi kilisogezwa mbali na kona, mahali ambapo barabara ina nafasi ya gari kujiingiza ndani na abiria kuzunguka nyuma yake bila kukimbia. Tumepita mahali hapo maisha yetu yote bila kuliona hilo.

Hapa habari njema ingeweza kuishia, na tungeweza kuiweka picha ya vijiwe vyeupe juu ya ukurasa huu. Padre alisema tusijitetee.

Katika ramani ya mwalimu, iliyoonyesha nguzo, bomba, mfereji na lami, hapakuwa na akina mama. Kando ya ukuta wa kanisa, katikati ya magari yetu, walikuwako kwa miaka mingi akina mama kumi na tisa wanaouza: chikanda iliyokatwa vipande, munkoyo katika chupa, nyanya zilizopangwa mafungu, samaki wa chumvi, mkaa katika vikopo. Wengi wao ni waamini wa parokia hii hii. Tulinunua kwao kila Jumapili. Tulipochora sehemu na wenyewe, tuliwaandika wenye nguzo na wenye bomba, na hatukuwaandika wao, kwa kuwa hawana muhuri. Na barua tuliyoipeleka, yenye sahihi zetu sote, iliomba njia ya miguu iondolewe kila kizuizi. Kila kizuizi, tuliandika. Tulikuwa tukifikiri juu ya magari. Waliosoma barua hawakufikiri juu ya magari.

Mwezi wa Juni, siku ya kwanza ya kazi, walikuja vijana wa usafi na toroli, na meza zikaanza kuinuliwa. Mama mmoja alikimbia hadi ofisi ya parokia akiwa na sinia la chikanda kichwani, akatuuliza kama ni kweli kwamba sisi ndio tulioandika.

Jioni ile tulikuwa na kikao kibaya kuliko vyote tunavyovikumbuka. Kulikuwa na aliyesema kwamba sheria ni sheria, kwamba mji haujengwi kwa samaki wa chumvi, na kwamba barabara safi ni haki ya wote. Kulikuwa na aliyenyamaza muda mrefu kisha akasema kwamba karo yake ya shule, tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu cha Lubumbashi, ilitoka katika chupa za munkoyo, kando ya ukuta usio tofauti na huu. Kama mtu angeandika barua nzuri ya namna hii wakati ule, yeye asingekuwa hapa kuisikiliza ikisomwa. Mtu wa tatu alileta waraka Laudato Si' wa Papa Francis wa mwaka 2015, akatusomea katika namba 153 kwamba Papa mwenyewe ameongea juu ya maegesho. Anasema wingi wa magari yanayobeba watu wachache unalazimisha miji iongeze barabara na viwanja vya kuegesha, navyo vinaiharibu sura ya mji. Tulikuwa tumeukariri waraka ule katika semina mbili, tukipanda miti. Hatukukumbuka kwamba mlikuwa na magari yetu ndani yake.

Tuliwaza pia juu ya Kigali, kwa kuwa mmoja wetu huenda huko kwa biashara. Mwaka 2015 walifunga barabara moja ya katikati ya mji, magari yasipite. Miaka mingi ilibaki lami tupu juani, wenye maduka wakilalamika kwamba wateja wamepotea, hadi mwaka 2022 ilipofunguliwa upya ikiwa na viti, vivuli na njia ya baiskeli. Yeye alisema kosa la mwanzo lilikuwa kuondoa kabla ya kujua nini kitakaa. Hatujui kama ni haki kumlinganisha jirani aliyefika mbali na sisi tunaogombana juu ya vifuniko vya mfereji. Lakini neno lake lilitusaidia kurudi ofisini na barua ya pili.

Tunapaswa kuwapa wakubwa wa komini zote mbili haki yao: waliisoma. Wangeweza kusema kwamba watu hawa hawajui wanalotaka, na wasingekosea. Waliwaita akina mama, wakakaa nao chini ya mti mmoja uliobaki. Wakapima. Kati ya kituo cha taksibasi na lango la shule pangeweza kuingia meza kumi na nne, za ukubwa mmoja, kwa kukata nafasi ya magari matano. Ushuru wa meza hizo ungeingia katika mfuko uleule wa nusu kwa nusu, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa komini iliyokuwa ikipokea wote. Meza kumi na nne kwa akina mama kumi na tisa. Watano walikubali kwenda kujaribu soko la Kenya, baada ya maneno mengi. Tuliombwa sisi, kama watu wa parokia wanaojulikana na pande zote, tuandike orodha ya wale wanaobaki. Tuliona ni heshima.

Tuliandika orodha Alhamisi mchana, siku moja, saa mbili. Waliokuwepo waliandikwa. Mama yule wa chikanda, aliyekimbilia ofisini na sinia kichwani, hakuwepo. Alikuwa amekwenda kilioni, kwa ndugu aliyefariki Likasi, na wenzake walituambia. Tulisema tutamwachia nafasi. Lakini jina jipya lilikuja, mtu aliyekuwa jamaa wa mtu, naye alikuwa mbele yetu na shida zake alizieleza vizuri, na nafasi zilikuwa kumi na nne tu, na giza lilikuwa linaingia. Hakuna ofisi iliyofanya hivyo. Si mji, si komini, si jimbo. Ni kalamu yetu.

Aliporudi, siku ya nane, orodha ilikuwa imepigwa muhuri wa komini mbili. Tulijaribu kuirudisha. Kwa mara ya kwanza katika historia yote hii ofisi mbili zilikuwa na neno moja kamili: kilichotiwa saini na pande mbili hakibadilishwi na upande mmoja. Tulijifunza hivyo kwamba makubaliano, ambayo tulikuwa tumeyatafuta kama dawa, yana uzito wake pia yakimwangukia mtu.

Tulimwendea nyumbani. Tulikwenda wengi, jambo ambalo labda lilikuwa kosa, kwa kuwa viti havikutosha na alilazimika kuazima kwa jirani ili sisi tuliokuja kuomba msamaha tukae. Alitupa maji. Alituuliza hali ya mkono wa mzee. Alisema sasa anauzia mlangoni pake, ndani kabisa ya mtaa, ambako watu wanaopita ni wale wanaomjua na wanaokopa. Tulimwambia kwamba tutachanga akodishiwe meza sokoni. Alishukuru. Alisema atafikiri, na kwa namna alivyosema tulielewa kwamba hataki tena kuandikwa na sisi katika karatasi yoyote. Bado tunachanga. Fedha ziko kwa mweka hazina, na jina lake limo katika bahasha.

Siku hizi kazi imekwisha, isipokuwa miti. Mzee hufika Misa kwa miguu na mara nyingine humtanguliza mjukuu wake, akihesabu vijiwe kwa fimbo. Anasema viko thelathini na moja kutoka kona hadi mlangoni, na kwamba cha kumi na mbili kimelegea, tukiangalie. Tulikiangalia, ni kweli kimelegea. Hatujajua bado ni ofisi ipi ya kuiambia, kwa hiyo tumenunua saruji.

Katika sehemu ya ukuta ambapo mama yule alikuwa akipanga chikanda yake, zile hatua mbili karibu na lango dogo, alama ya moshi wa jiko lake ingali ukutani, nyeusi, ina umbo la upinde. Mbele yake kuna nafasi moja ya gari, imepakwa mistari myeupe, halali kabisa, ina risiti yake. Jumapili iliyopita ilikuwa wazi hadi Misa ya pili ilipoanza, kisha mmoja wetu aliyechelewa akaegesha hapo.